Wenye Land Rover Waandikishwe Kabla ya Masika

Mwezi Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover. Zilikuja za kila umri: zile kuukuu ambazo dereva huingia kwa kuinama na kutoka kwa kuruka, zile zilizorefushwa kwa ajili ya watalii, na zile mpya zenye viti vya ngozi ambazo pengine hazijawahi kuona tope. Zilitoka mikoa mbalimbali, zikapangwa katika msafara mmoja mrefu, na watu wakasimama kando ya barabara kuzishangilia. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuvunja rekodi ya Wajerumani, ambao mwaka 2018, katika mji wa Bad Kissingen, walipitisha Land Rover 632 kwa msafara mmoja. Mimi sina ugomvi na sherehe hiyo. Gari hilo limebeba chanjo, mitihani, masanduku ya kura, mishahara ya walimu na maiti katika nchi hii kwa miaka mingi, na kama kuna chombo kinachostahili kupigiwa makofi hadharani, basi ni hicho.

Hata hivyo, miezi sita tu kabla ya sherehe hiyo, yaani Aprili mwaka huohuo, na katika jiji hilohilo, basi dogo lililokuwa likipeleka watoto shuleni lilisombwa na maji ya mvua, na wanafunzi kadhaa wakapoteza maisha. Sisemi kwamba msafara wa Oktoba ungeliwaokoa watoto wale. Maji ya korongo hayamsubiri mtu atafute ufunguo. Nayaweka mambo hayo mawili pamoja kwa sababu yananilazimisha kuuliza swali ambalo nadhani kila mtumishi wa serikali ngazi ya wilaya anapaswa kuwa na jibu lake. Asubuhi ya mvua kubwa, barabara zinapokatika na gari la wagonjwa likazama hadi kwenye ekseli, ni nani mwenye orodha ya magari yenye uwezo yaliyomo wilayani, anamwita mwenye gari kwa utaratibu gani, na gari likiharibika analipa nani?

Nchi ambako Land Rover ilizaliwa imelijibu swali hilo kwa namna inayofaa kutazamwa. Natambua kwamba wasomaji wengine hukunja uso kila mwandishi anapovuka bahari kutafuta mfano, na aghalabu wana haki. Lakini katika jambo hili Waingereza hawakuanza na fedha wala mitambo. Walianza na watu waliokuwa na mchezo wao wa Jumapili.

Gari lenyewe lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Lilibuniwa liwe chombo cha mkulima, na bodi yake ikaundwa kwa aluminiamu kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kibali. Vizazi vilivyofuata vikalipenda kupita kiasi. Zikaanzishwa klabu za watu ambao siku ya mapumziko huenda kwa makusudi kuyatafuta matope, wakanasa humo, wakakwamuana kwa winchi na kamba, kisha wakarudi nyumbani wamechafuka na kuridhika. Kwa mtu ambaye basi lake limewahi kunasa siku mbili katikati ya safari, mchezo huo ni kichekesho. Lakini baadhi ya watu hao walitambua kwamba ujuzi walioupata kwa mchezo ndio unaokosekana siku ambayo theluji imeanguka na muuguzi hawezi kufika hospitali. Wakajipanga katika vikundi, kikundi kwa eneo, na leo vingi vya vikundi hivyo vimeungana chini ya jina la 4x4 Response UK.

Ili kuelewa kwa nini huduma hiyo ilihitajika, yafaa kujua kwamba sehemu kubwa ya Uingereza haipati theluji nzito kila mwaka. Inaweza kupita miaka kadhaa bila barabara kuu kufungwa. Katika hali hiyo hakuna halmashauri yenye akili timamu itakayonunua magari hamsini ya kupanda vilima vya barafu ili yakae gereji yakingoja siku tatu za dhiki. Ila siku hizo tatu hufika. Desemba 2010 ilikuwa baridi kuliko Desemba yoyote ya miaka mia moja iliyokuwa imepita nchini humo. Huko Scotland mamia ya watu walilala ndani ya magari yao katika barabara kuu iliyofungwa na theluji, na waziri wa uchukuzi wa huko, Stewart Stevenson, akajiuzulu siku chache baadaye. (Nalitaja hilo la kujiuzulu kwa kupita tu.) Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018 dhoruba nyingine kutoka mashariki iliifunika nchi. Idara ya hali ya hewa ikatoa onyo jekundu, ambalo ndilo la juu kabisa, kwanza kwa Scotland, kisha kwa kusini-magharibi mwa Uingereza na kusini mwa Wales. Wanajeshi walitumwa kuwachukua wauguzi na madaktari majumbani, na hospitali zikatangaza wazi kwamba zinawahitaji watu wenye magari ya kuendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Palepale ndipo ulipoonekana ubora wa kujipanga mapema. Tangazo la hospitali likitoka ghafula, huitikiwa na watu wengi wenye moyo mwema, na miongoni mwao wamo wasiojua kuendesha kwenye barafu, wasiojulikana na mtu yeyote, na ambao bima zao hazina habari. Afisa wa hospitali anaachwa na simu mia mbili na hana njia ya kujua ampokee nani. Lakini penye kikundi kilichoandaliwa, afisa huyo hupiga namba moja. Anayepokea ni mratibu wa zamu, mtu wa kujitolea kama wenzake, ambaye anajua nani yuko likizo, nani anakaa upande gani wa mto, gari la nani lina winchi na la nani linaweza kubeba mgonjwa aliyelala. Mratibu hutuma ujumbe, wanaopatikana hujibu, kazi hugawiwa. Saa ya kuondoka na saa ya kufika huandikwa. Mtu asiporipoti kwa wakati, hutafutwa.

Kazi zenyewe si za kusisimua, na hilo ndilo lililonifanya niziamini. Magazeti hupenda picha ya gari likipasua maji, lakini sehemu kubwa ya saa za watu hawa hutumika kumpeleka muuguzi wa majumbani kwa bibi kizee mwenye ugonjwa wa sukari aishiye peke yake juu ya kilima, kumngoja nje dakika ishirini, na kumpeleka kwa mgonjwa mwingine. Au kumchukua mfanyakazi wa hospitali saa kumi na moja alfajiri ili yule aliyekesha apate kwenda kulala. Au kupeleka dawa na chakula cha moto. Wapo wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, ambao wakikosa siku zao hali hugeuka kuwa ya hatari. Mgonjwa wa namna hiyo hana haja ya shujaa. Anahitaji gari litakalofika saa mbili kamili na kumrudisha.

Yako masharti matatu ambayo ningependa yasomwe kwa makini na wale waliokabidhiwa dhamana ya maafa nchini kwetu. La kwanza, watu hawa hawaendi bila kuitwa. Raia wa kawaida hawapigii simu moja kwa moja. Huitwa na mamlaka husika, kama hospitali, huduma ya magari ya wagonjwa, polisi au halmashauri, na akijipeleka mwenyewe kwenye tukio huhesabiwa kuwa amekosa nidhamu. La pili, hawana ving'ora wala ruhusa ya kupita taa nyekundu. Sheria za barabarani zinawabana kama zinavyombana mwuza maziwa. La tatu, wanapimwa na kufundishwa: tabia zao huchunguzwa, kwa kuwa wataingia majumbani mwa wagonjwa na wazee, hujifunza huduma ya kwanza, matumizi ya redio na uendeshaji katika mahali pabaya.

Kuhusu fedha, hawalipwi mshahara. Lakini kurudishiwa gharama ya gari hakuhesabiwi kuwa ni aibu wala ni kupunguza moyo wa kujitolea. Mwaka 2011 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo iliweka kiwango cha peni 45 kwa maili, kwa maili 10,000 za kwanza, ambacho dereva wa kujitolea anaweza kurudishiwa bila kutozwa kodi. Makampuni ya bima nayo yalitakiwa kueleza waziwazi msimamo wao kwa madereva wa kujitolea. Na juu ya yote hayo ipo sheria ya dharura za kiraia ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka uliofuata, inayozitaka mamlaka za uokoaji kufanya mipango ya pamoja na kuzingatia katika mipango hiyo mashirika ya watu wa kujitolea. Kwa maneno mengine, nafasi ya mtu wa Land Rover imeandikwa katika jalada kabla theluji haijaanguka.

Nimelikazia jambo la gharama kwa sababu nililiona likiharibu moyo mwema kwa macho yangu nikiwa mtoto. Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 nilikuwa shule ya msingi, na baba yangu alikuwa mwalimu katika kijiji kilichoko bondeni. Kijiji kizima kilikuwa na Land Rover moja, mali ya mfanyabiashara wa mahindi. Usiku mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa na uchungu ukakataa kwisha. Mkunga akasema maneno ambayo mkunga hasemi ila ameshindwa. Barabara ya kwenda kituo cha afya ilikuwa imegeuka mto. Baba na wenzake wakamwamsha yule mfanyabiashara, naye hakusita hata kidogo, wala hakuuliza nauli. Walimpakia mama yule juu ya godoro, vijana sita wakapanda nyuma kwa ajili ya kusukuma, wakaenda. Walifika kulipopambazuka. Mama alipona na mtoto akapona.

Wakati wa kurudi ekseli ya nyuma ilikatika. Gari lilikaa porini wiki tatu. Kijiji kilifanya mkutano, maneno mengi mazuri yakasemwa juu ya mfanyabiashara, na ikaamuliwa kwamba uchangwe mchango wa kununua ekseli. Haukuchangwa. Barua iliandikwa kwa ofisi iliyohusika, ikajibiwa kwamba ofisi haina fungu la kutengeneza magari ya watu binafsi, jambo ambalo kwa hakika lilikuwa kweli. Mzee yule alinunua ekseli kwa fedha zake. Masika yaliyofuata akaja mtu mwingine kugonga mlango wake usiku, na safari hiyo mke wake ndiye aliyetoka, akasema mzee amesafiri na ufunguo. Sote tulijua kwamba mzee yumo ndani. Baba yangu, ambaye alikuwa mkali sana kwa uongo, hakumlaumu.

Tangu siku hizo sijapata kuamini kwamba tatizo letu ni ukosefu wa watu wenye huruma. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilipomeguka na kuteremsha tope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walikufa. Wa kwanza kuchimbua tope walikuwa majirani, kwa mikono na majembe. Jeshi la Wananchi lilifika, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lilifika, na misaada ikamiminika kutoka kila pembe. Nchi hii inajua kuhuzunika pamoja na inajua kutoa. Kisichokuwepo ni ule mpango wa saa za mwanzo, wakati barabara imezibwa na tope, wataalamu wako njiani, na magari yenye uwezo yamo palepale mkoani na katika mkoa jirani, kila moja mbele ya nyumba ya mwenyewe, na mwenyewe anasikiliza redio akitamani kusaidia lakini hajui aende wapi.

Wala msiba wa Hanang haukuwa wa mwisho wa msimu huo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mvua za juu ya wastani, na zikaja. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua hizo na athari zake zilikuwa zimeua watu 155, na kwamba watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathirika. Wiki iliyofuata kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani yetu, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga. Mabasi yalikwama, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Nani alimpeleka mama mjamzito aliyekuwa katika basi mojawapo? Pengine alipatikana mwenye gari, na pengine alimtoza. Hatuna daftari la kutuambia.

Sasa wapo watakaosema kwamba kuokoa watu ni kazi ya serikali, kwamba mwananchi amekwisha kulipa kodi, na kwamba kumwomba tena gari lake ni kumtoza mara mbili. Hoja hiyo ina uzito na sitaipuuza. Nitakwenda mbali zaidi. Kabla ya mkuu yeyote kumwomba mwenye duka Land Rover yake, mwananchi ana haki ya kuuliza magari yenye namba za STK, yale ambayo watu wameyapachika jina la "mashangingi", yanafanya kazi gani siku ya mafuriko. Magari hayo yamenunuliwa kwa fedha za umma kwa hoja kwamba barabara zetu ni mbovu na viongozi hawana budi kuzifikia sehemu ngumu. Hoja hiyo ikikubaliwa siku ya kununua, basi haiwezi kusahauliwa siku ya maafa. Ningependa kuona orodha ya wilaya ikianza na magari ya ofisi zote, ya idara, ya miradi na ya mashirika ya umma, pamoja na majina ya madereva wake, kisha ndipo yafuate ya watu binafsi. Mtumishi anayeona gari alilopewa kwa ajili ya kazi ni sehemu ya heshima yake, kiasi kwamba haliwezi kupakiwa mgonjwa mwenye matope, ameielewa vibaya heshima.

Lakini hata magari ya serikali yakitolewa yote hayatatosha, kama ambavyo hayakutosha Uingereza iliyo tajiri. Hatuwezi kuweka gari la wagonjwa lenye uwezo wa kupita tope katika kila kata kwa ajili ya wiki chache za masika; hilo si suala la nia, ni hesabu. Wakati huohuo wakulima wakubwa, makampuni ya utalii, wafanyabiashara wa mazao, misheni na watu binafsi wanayo magari hayo kwa maelfu. Hazina hii haihitaji kununuliwa. Inahitaji kujulikana.

Hofu ninayoiogopa zaidi mimi ni nyingine, nayo ni ushujaa usio na maarifa. Theluji na mafuriko si kitu kimoja. Mwingereza akiteleza kwenye theluji aghalabu huishia mtaroni na kuvutwa. Dereva wetu akikosea katika maji yaendayo kasi hazungumzi tena. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wamekuwa wakiwaonya wananchi wao kwa miaka mingi kwamba maji yanayotiririka ya kina cha sentimita 30 yaweza kulisomba gari dogo, na ya sentimita 60 yaweza kuyasomba magari mengi, pamoja na yale makubwa tunayoyaamini. Sentimita 60 ni kama usawa wa magoti au juu yake kidogo. Uzito wa gari hausaidii sana, kwa kuwa maji hulinyanyua kwanza ndipo hulisukuma. Kila mwaka tunaona madereva wakibishana na daraja lililofunikwa, huku abiria wakiwahimiza, na baadhi ya madereva hao wamo ndani ya magari ambayo kwa jina ni ya kushinda kila kitu. Mtu wa namna hiyo akipewa fulana yenye neno "Uokoaji" atakuwa maafa juu ya maafa. Kwa hiyo somo la kwanza la dereva wa kujitolea katika nchi yetu liwe ni mahali pa kusimama, na kazi ya majini iachwe kwa wenye maboti na waliofunzwa. Land Rover ifanye kazi ya nchi kavu iliyoharibika: tope, utelezi, barabara iliyomeguka, njia ya mzunguko ya kilomita arobaini ambayo basi haliiwezi.

Chombo cha kulishughulikia jambo hili tunacho. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini, na Msalaba Mwekundu una watu wa kujitolea waliozoea nidhamu ya kazi hiyo. Sioni haja ya kuunda baraza jipya, lenye katibu mpya, posho mpya na, tukubali ukweli, gari jipya. Kamati ya wilaya imteue mtu mmoja awe mratibu. Si lazima awe mwenye cheo, na katika wilaya nyingi nadhani angefaa mwalimu wa sekondari au afisa wa afya aliyezoea kuandika mambo kwa wakati wake. Kazi yake ya kwanza ni kuwatembelea wenye magari na kuwauliza. Wapo watakaokataa, na waachwe bila kutajwa mkutanoni. Jambo la kujitolea likianza kwa vitisho limekwisha kuwa jingine, na tunayo kumbukumbu ya michango ya hiari iliyokuwa na risiti za kulazimishwa.

Kwa wale watakaokubali, wilaya nayo iahidi mambo machache na kuyatimiza. Mafuta yatolewe kwa hati siku ileile, kutoka kituo kilichokubaliwa, pasipo mwenye gari kuzunguka ofisi tatu akiwa amelowa. Gari likiharibika katika kazi iliyoandikwa daftarini, pawe na fungu dogo la kulitengeneza, fungu ambalo linakaguliwa kama mafungu mengine. Mambo ya bima yaulizwe mapema. Mwenye bima ndogo ajue kwamba gari lake mwenyewe halikingwi, na mwenye bima kubwa asije akaambiwa siku ya ajali kwamba alikuwa akifanya biashara ya abiria. Msimamizi wa bima nchini anaweza kulimaliza jambo hilo kwa waraka mmoja. Na dereva apewe kitambulisho, ili askari wa barabarani aliyefunga njia ajue ni nani wa kumpitisha na ni nani amekuja kupiga picha.

Naomba pia sherehe zisitangulie kazi. Tumewahi kuona shughuli nyingi njema zikizinduliwa kwa kofia, fulana na hotuba, kisha zikafa kabla kofia hazijachakaa. Wenye Land Rover waliokwenda Arusha wameonyesha kwamba wanaweza kuitwa na wakaja, tena kutoka mbali. Katika mkusanyiko mwingine wa aina hiyo, pale getini, iwekwe meza moja, kiti na daftari. Kila anayeingia aulizwe jina, namba ya gari, kata anayoishi, namba ya simu inayopokelewa usiku, kama gari lina winchi au kamba ya kuvutia, watu wangapi wanaweza kukaa, na kama mgonjwa anaweza kulala. Jioni nakala zipelekwe kwa kila wilaya inayohusika, na mratibu azipigie namba hizo siku ya pili kuona zipi ni za kweli.

Masika huanza Machi. Kati ya leo na siku hiyo kuna muda wa kutosha wa kuandika daftari la wilaya moja, na mwalimu yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya shule yenye madarasa machache kuliko mikondo anaweza kuikamilisha kazi hiyo kwa Jumamosi mbili.